Takia la Benchi la Nyuma

Na hilo takia la marehemu mama yako, Rehema, kama nilivyojaribu kukuambia pale jikoni kabla hujanipa mgongo, halijakauka. Juu limekauka, pembeni limekauka, lakini ukipenyeza mkono mpaka katikati unakutana na ubaridi kama wa tumbo la chura. Kwa hiyo kesho hutapanda nalo treni. Unadhani nimekunyima. Ulisema, "Haya, Mwalimu," kwa ile adabu yako inayokata kuliko tusi, ukafunga sanduku lako huku nafasi ya takia umeiacha wazi, ili niione.

Nimeiona, mwanangu.

Sasa umekwenda Manundu kuwaaga wenzako. Baba yako yuko mtoni, anavusha watu wa mwisho kabla giza halijaingia. Nami nimebaki na kalamu, na takia lililopasuliwa tumbo, na jogoo anayenitazama kama mkaguzi wa shule. Nimeona nikuandikie, kwa sababu mimi na wewe tukianza kuzungumza, haipiti dakika mmoja wetu amekasirika na mwingine amejifanya hakukasirika. Barua hii nitaitia chini ya kanga zako, utaikuta Tanga, huko chuoni kwa wauguzi. Sitakuambia habari za sabuni, wala za kuwahi wodini, wala za wasichana wa bwenini wanaoazima vitana wasirudishe. Shangazi zako wamekuusia mpaka masikio yako yamekuwa mazito. Mimi nitakuambia habari za wivu wangu, kwa kuwa ndio uliolowesha takia la mama yako, na kwa kuwa bado ninao. Ningekuwa nimepona ningeandika barua nzuri zaidi ya hii.

Nianze na baba yako, maana siku hizi kila ninaloanza naanza na yeye. Usicheke. Niliolewa wakati watu wa kambi yetu ya mkonge wamekwisha kusema kwamba treni imempita Mwalimu Tatu, amebaki stesheni na mzigo wake wa vitabu. Nilisoma mpaka darasa la kumi, na wanaume waliokuja kuniposa waliniangalia kama watu waliokuja kununua mbuzi wakaonyeshwa ngamia. Kisha nikapewa shule ya ng'ambo, upande wa Handeni, nikawa navuka kila asubuhi kwa boti ya mjane mmoja anayeitwa Sefu.

Boti ile unaijua kuliko mimi: ya mbao, nyembamba, ya yule Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akivulia samaki siku za Jumapili mpaka alipohama. Unajua pia kwamba mpiga makasia huenda kinyumenyume. Hugeuza mgongo kule aendako, na uso wake humwangukia aliyekaa benchi la nyuma. Mimi nilikaa benchi la nyuma, juu ya lile takia la turubai, na uso wake ukaniangukia kila siku ya kazi, mpaka nikaanza kupaka mafuta ya nazi mashavuni kwa ajili ya kwenda kufundisha hesabu. Mto wetu si mpana, lakini siku zile ulipanuka. Abiria walilalamika. "Kapteni, leo unatupeleka Pangani mjini?" Naye akijibu, "Mkondo, jamani, mkondo," wala hapakuwa na mkondo. Ee Rehema, ninampenda baba yako mpaka naona haya kuliandika! Akikohoa gizani nje ya mlango mimi ndani naanza kutafuta kiberiti kama niliyeitwa na serikali.

Basi nikaolewa. Na ule mwezi wa kwanza tukaenda sote watatu kuwasalimu ndugu wa mama yako huko Handeni, kama ilivyo desturi, mke mpya aonekane na watu wa marehemu, wampe mkono. Tulipofika kwenye boti wewe ukaingia kwanza, ukakaa benchi la nyuma, juu ya takia, bila kuuliza, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nami nikaonyeshwa benchi la mbele, pamoja na jogoo wa zawadi.

Nilipokuwa abiria nilikaa mbele ya macho yake. Nilipokuwa mke nikakaa nyuma ya mgongo wake. Safari nzima nilitazama shingo ya mume wangu. Ni shingo nzuri, nimemwambia hivyo mwenyewe, lakini shingo haicheki. Kicheko kilikuwa upande wa pili, kinakwenda kwako, tena kwa Kizigua. Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, na kule kambini tulizungumza Kiswahili ili mtu asitukanwe kwa lugha asiyoijua. Nyinyi mkisema neno mkacheka, mimi nacheka baadaye kidogo, kama mwangwi. Unadhani hukunitazama siku ile? Ulinitazama juu ya bega lake mara moja, ukavuta upindo wa kanga yako, ukajiweka sawasawa juu ya takia.

Na tulipofika, bibi yako, mama yake marehemu, hakuanza na mimi. Alilipokea takia ulilokuwa umelibeba, akalipapasa kama mtu anayepapasa mgongo wa mtoto aliyelala. Akanionyesha ule msufi ulio nyuma ya nyumba, akanieleza jinsi mama yako alivyookota maganda yake yalipopasuka, akachambua sufi mbegu kwa mbegu, akashona takia ili wauzaji wa sokoni waiache mitumbwi ya watu wapande boti ya mumewe. "Mwanangu alikuwa na mikono," akasema. Nami nikaitazama mikono yangu, ina chaki.

Hapo ndipo nilipoamua kushona.

Ningeweza kuomba sufi kwa bibi yako. Mti umejaa. Lakini kuomba sufi ya mti ule niliona ni kuomba ruhusa. Nikasema mimi nina changu. Mtu aliyezaliwa katikati ya mkonge anadhani hakuna jambo ambalo mkonge hauwezi. Kamba zake zinafunga meli. Magunia yake yanakwenda Ulaya. Umetulisha, umetuvisha, nikaona utatukalisha. Nikakusanya zile nyuzi fupi zinazoanguka chini ya brashi kiwandani, nikanunua kitambaa chekundu kwa Mhindi, chekundu hasa, rangi ya harusi, nikashona matakia mawili: moja la benchi la nyuma, na moja la mume wangu mwenyewe, aliyekuwa akikaa juu ya gunia lililokunjwa. Baba yako aliyapokea kwa mikono miwili. Wewe ulitia mkono ndani ya pindo, ukanusa, ukasema, "Mwalimu, haya ni mkonge." Nikakujibu, "Kwani mkonge una nini?" Ukautoa mkono ndani ya pindo. Ulikuwa unajua, na mimi nilijua kwamba unajua, na ndiyo maana sikukuuliza tena.

Ijumaa ile, shule zikiwa zimefungwa, nilipanda boti makusudi, nisikie abiria wakinisifu. Ng'ambo akapanda Mzee Shembilu, anakwenda kusali, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inalia. Akakaa benchi la nyuma, juu ya kazi yangu. Kando yangu alikuwapo Mama Pili, muuza karanga. Boti ile huvuja kidogo, na makasia hurusha maji. Takia la mama yako lilikuwa likiyatema. La kwangu liliyapokea yote likayaweka. Tulipofika upande wa pili mzee akasimama.

"Mzee Shembilu," Mama Pili akauliza, "umechinja?"

"Nichinje nini asubuhi hii?"

"Mimi sijui. Jitazame nyuma."

Mzee akavuta kanzu yake mbele, na pale, chini ya kiuno, palikuwa na doa jekundu la mviringo, kama jua linalochomoza.

"Lahaula! Mtu ametoka nyumbani kwenda msikitini, nyinyi mnamwandaa kwenda ngomani?"

Mama Pili akaliminya takia kwa vidole viwili. Maji mekundu yakatiririka. "Bibi harusi, hili linakunywa kuliko ng'ombe wa Wamasai. Umelijaza nini?"

"Mkonge," nikasema.

"Mkonge! Basi mzee amshukuru Mungu amelowa tu, hakuchomwa."

Baba yako akashuka majini, akamshika mzee mkono kwa heshima. "Nisamehe, mzee wangu. Nitakuvusha bure mpaka rangi hii itoke."

Mzee Shembilu akalitazama lile doa tena. "Kwa rangi hii, mwanangu, utanivusha mpaka kaburini."

Walicheka wote, hata mzee mwenyewe. Mimi sikucheka. Jioni ile nikamwambia baba yako ayatupe matakia yangu yote mawili, mtoni, yaende Pangani, yaende baharini, nisiyaone. Hakubishana. Asubuhi yake takia la mama yako likarudi kwenye benchi la nyuma, na wewe ndiye uliyelirudisha, na hukusema neno. Ningependa ungesema.

Baada ya hapo likaja jambo la kaptula. Hili hulijui lote, ingawa ulilijua kabla yangu.

Baba yako alianza kurudi nyumbani jioni na kaptula yake ya kaki imefuliwa. Imelowa, imekamuliwa, inanukia sabuni. Mtu anatoka mtoni, ndiyo, lakini maji ya mto hayana sabuni. Siku ya kwanza nikajiambia, huyu alikuwa mjane, amezoea kujifulia. Siku ya pili nikajiambia hivyo hivyo, ila kwa sauti ndogo. Kisha nikaacha kujiambia. Nikaanza kuwahesabu wanawake wa mtoni mmoja mmoja: nani ana sabuni, nani hana mume, nani anamwita Kapteni kwa kuvuta neno. Nikafika kwa Mama Pili nikasimama hapo. Nilimchukia Mama Pili kwa bidii, mwanangu, nikanunua karanga kwa mtu mwingine, karanga zenyewe mbovu. Na wewe nikakuuliza, unakumbuka, tukiwa tunapepeta mchele: "Nani anamfulia baba yako?" Ukatia upindo wa kanga mdomoni, mabega yakatikisika. "Muulize mwenyewe, Mwalimu."

Kama ningemwuliza, takia lako leo lingekuwa kavu. Lakini mtu mwenye wivu haulizi. Anavizia. Anaona kuuliza ni kujishusha, na kujificha nyuma ya vichaka anaona ni heshima.

Ilikuwa bado likizo, nami tangu siku ya kanzu sikuwa nimeikanyaga boti. Nikateremka mtoni alasiri bila kusema, kwa njia ya juu, na mawingu yamefunga upande wa milima, huko Dindira. Nikamkuta baba yako amejifunga shuka, kaptula imetundikwa kichakani inachuruzika, na hatua chache tu kutoka hapo Mama Pili ameinama juu ya jiwe, mikono ina povu. Nilisema maneno ambayo sikujua kwamba ninayo. Siyaandiki. Mwalimu aliyesoma mpaka darasa la kumi!

Mama Pili akajinyoosha taratibu, akanitazama kutoka miguuni mpaka kilembani. "Mwalimu, mimi mume ninaye, tena ananitosha kwa kelele. Hizi ni nguo za watoto wangu. Ya kwake kafua mwenyewe, muulize kwa nini." Kisha akamgeukia baba yako. "Kapteni, mwambie basi, kabla hajanizamisha."

Baba yako akafungua mdomo, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kugeuka, napanda mlima nalia kwa sauti ili anifuate. Na alinifuata. Alinifuata na shuka lake, ameacha kila kitu kama kilivyokuwa: boti imefungwa kwenye kisiki kwa kamba fupi, takia la mama yako, alilozoea kulibeba nyumbani kila jioni, limefungwa kwenye benchi la nyuma kwa vitanzi vyake. Nikafurahi, Rehema. Nikisikia hatua zake nyuma yangu, nilikuwa nalia huku nafurahi, kwamba leo takia halikubebwa, leo nimebebwa mimi. Nyumbani sikumpa nafasi ya kueleza. Nilitaka kubembelezwa kwanza, na kubembelezwa kukawa kutamu, na maelezo yakasahaulika.

Mvua ya milimani ikashuka na mto. Boti iliyofungwa kwa kamba ndefu hupanda pamoja na maji. Iliyofungwa kwa kamba fupi hushikwa kichwa ikanyweshwa. Asubuhi tulikuta kisiki tu, na kamba imekaza inaingia chini.

Wanaume walipoivuta, tulikuwa tumesimama wewe na mimi bega kwa bega, kwa mara ya kwanza labda. Takia la mama yako lilikuwa bado limeng'ang'ania benchi lake, limejaa tope na maji. Na chini ya benchi la mpiga makasia palikuwa na kitu kingine kimekwama, kizito, wanaume wawili wakakivuta kwa kuguna. Chekundu. Takia langu. Lile la pili, nililomshonea yeye.

"Nilikwambia ulitupe," nikamwambia baba yako.

"Uliniambia."

"Mbona hukulitupa?"

"Ulilishona wewe."

"Sefu, linalowesha!"

"Na mimi ni mtu wa maji."

Alikuwa amelikalia siku zote zile. Analiminya asubuhi, analikalia, linamlowesha, linamchoma, linampaka rangi, na jioni anafua kaptula yake kwa sabuni nisije nikaona wekundu nikaumia. Yule mwanamke wa mtoni niliyekuwa namwinda kwa siku zote zile nilikuwa mimi. Nililia pale pale, wanaume wakadhani nalilia boti.

Lakini wewe hukuwa unatutazama sisi. Ulikuwa umelipakata takia la mama yako, maji yanakuteremka magotini, na uso wako nimeuona kila siku tangu hapo. Mtu mzima alitakiwa kuwa mimi. Nikataka kuonyesha kwamba najua la kufanya. Nikalichukua, nikaliweka juu ya jani la mgomba, nikapanda juu yake kwa miguu kulikamua, kama tunavyokamua mablanketi. Ukapiga kelele. Ulikuwa na haki: sufi si blanketi, ukiikanyaga imelowa inashikana mabonge. Kisha nikalianika zima zima juu ya bati, jua lilipotoka, nikiligeuza kwa saa kama mkate. Turubai likakauka likawa gumu kama ngoma, nikakuita kwa fahari. Ukaliinua, ukalinusa, ukanipa nami ninuse. Lilikuwa limechacha. Nje lilikuwa limepona, ndani linaoza. Nikikumbuka sasa, sijui kama kuna jambo lolote baya nililolifanya nyumbani humu ambalo halikuwa hivyo, la kuanikwa juu juu.

Siku ya tatu ndipo ulipoleta wembe. "Lazima tulipasue," ukasema, na hukuniita Mwalimu, hukuniita kitu chochote, nami sikudai. Tukafumua upande mmoja. Mama yako alikuwa ameligawa ndani kwa mishono, vyumba vidogo vidogo, ili sufi isikimbilie upande mmoja na maji yakiingia chumba kimoja yasihamie kingine. Nikaikagua mishono ile kwa jicho la mwalimu anayetaka kumfelisha mtu. Sikuona kosa. Kila chumba sufi safi, laini, imechambuliwa. Mpaka tulipofika kwenye kona ya mwisho, vidole vyangu vikagusa mbegu. Mbegu tele, ngumu, na vipande vya maganda. Nilifurahi, nisikufiche!

"Hapa alichoka," nikasema.

Ukatikisa kichwa. "Hapo ni mimi. Nilikuwa mdogo, nikalia nataka na mimi nijaze. Nikajaza na mbegu zake. Baba alimwambia apasue aanze upya, abiria watachomwa. Mama akakataa. Akawa kila akipanda boti anakaa yeye mwenyewe kwenye kona hiyo."

"Alikwambia?"

"Hakuniambia. Baba ndiye aliyeniambia, siku ile ya kanzu ya Mzee Shembilu, niliposema hata hilo jekundu lake nalo alitupe."

Ukaendelea kutoa sufi, hukujua umesema nini. Mimi nilikaa pale na mbegu mkononi, nikakielewa kile kilichoniliza pale mtoni. Wema ule, niliodhani umezaliwa kwa ajili yangu, baba yako alikuwa nao kabla yangu. Alifundishwa na mwanamke mwingine, kwenye boti ileile. Hata namna ya kunipenda mimi ameikuta kwake! Wivu ulionijia hapo haukuwa mdogo kuliko ule wa kichakani. Ulikuwa mkubwa zaidi, ila haukuwa na mahali pa kwenda. Nitamvizia wapi marehemu? Ninakula matunda ya mti alioupanda yeye, na ni matamu, nifanye nini, niyateme?

Siku moja mtu atakupenda, huko Tanga au kwingine, na utakuta tayari anajua kukuwekea maji ya kuoga, anajua kunyamaza pale panapotakiwa kunyamaza. Utatamani kumwuliza alijifunzia wapi. Mimi sikuambii usiulize, maana nimeona kutokuuliza kulivyonifikisha. Nakuambia tu kwamba jibu linauma kidogo, kisha unapeleka chakula mezani na anakula, na anakusifu, na jioni inakwenda.

Baada ya hapo ndipo nilipotoa chandarua changu cha harusi. Ulidhani najionyesha. Kulikuwa hakuna kitu kingine: sufi iliyofumuliwa upepo ukiigusa inaruka yote, na bila upepo haikauki. Ndani ya chandarua upepo unapita na sufi inabaki. Tumeitandaza juu ya mkeka, kila chumba na lundo lake, tunaipekecha kwa vidole bonge kwa bonge, wewe huku mimi kule. Zile ndizo asubuhi nzuri kuliko zote nilizopata na wewe, hata kama hatukusema mengi. Mbu wametula vizuri. Baba yako anasema na wao walikuwa hawajala karamu ya harusi. Lakini jua la msimu huu ni la kuiba, linachungulia linaondoka, na sufi ya katikati, ile niliyoikanyaga mimi, bado.

Sasa nakuja kwenye neno lako la jikoni. Ulisema, "Nipe hivyo hivyo, nitaianika Tanga." Nikasema ukiishona na unyevu itavunda. Ukasema, "Sema tu unalitaka wewe." Sikukujibu, ukachukua ukimya wangu kuwa jibu. Ulichukua sawasawa.

Nalitaka. Nalitaka takia hili kuliko kanga zote nilizopewa. Nataka kukaa juu yake kwenye benchi la nyuma, uso wa mume wangu uniangukie, na kona yenye mbegu iwe yangu. Kesho ukishaondoka benchi litakuwa tupu, na nitakuwa mwongo nikisema hilo halinifurahishi hata kidogo, ingawa baba yako tangu juzi hali vizuri, na mimi mwenyewe nimekwisha kujikuta nimekutilia chumvi kidogo kwenye mchuzi, kama unavyopenda wewe, nikasahau wengine. Nakuonea wivu hata kwa huzuni anayokulilia. Ndiyo hali yangu. Lakini takia ni lako, na silitaki kwa namna hiyo. Ulitoka tumboni mwa aliyelishona, na kona moja umeijaza wewe. Ukilipokea bichi leo, kufika mwezi ujao utatupa bonge lenye ukungu, na maisha yako yote utasema mama wa kambo alikupa takia bovu la mama yako. Heri ukasirike kwa siku chache hizi.

Mbegu sikuzitoa. Nilianza kuzichambua jana peke yangu, mkono ukaenda wenyewe, kisha nikazirudisha moja moja. Zimo kwenye kopo la majani ya chai, zitarudi kwenye kona yake. Lile jekundu langu limetundikwa nyuma ya jiko, linadondoka mpaka leo, baba yako anasema litakauka kiangazi na hataki kusikia la kulitupa. Kamba ya boti amenunua ndefu.

Namsikia anapiga mluzi, anapanda mlima, na sauti yako iko pamoja naye, mnazungumza Kizigua. Nimejifunza maneno mawili matatu kwa Mama Pili, aliyenisamehe kwa bei ya karanga nyingi. Nikija nitakusalimu kwayo, unicheke.

Maana nitakuja. Kabla mwezi huu haujaisha nitashuka stesheni ya Tanga, takia nimelibeba kichwani, na baba yako atabaki na benchi lenye ubao mtupu. Nikirudi nitakaa hapo hapo juu ya ubao. Vyumba vyote nitakuwa nimevifunga kama alivyovifunga yeye, ila upande mmoja wa nje nitauacha wazi, na sindano nitaichomeka hapo na uzi wake. Hata kabla hujaniamkia, penyeza mkono mpaka katikati. Ukiona pakavu, ushone.